Mkandaji wa Mtaa wa Sikukuu

Nyumba ya Bi Mauza ilikuwa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo: vyumba sita, korido katikati, na uani jiko, choo na bafu la mabati. Mimi nilipanga chumba cha pili mkono wa kulia unapoingia, na nilikaa humo miaka mingi kuliko nilivyokusudia. Nilitoka Ndanda kuja kufanya kazi kiwanda cha nguo. Nikapata chumba, nikapata mume, mume akaenda zake, chumba kikabaki. Bi Mauza aliniita Mama Kasmir kwa jina la mwanangu, ila akikasirika aliniita Celina kavukavu, na alikasirika mara kwa mara. Mimi nami sina dogo. Tuligombania maji, tukagombania zamu ya kufagia uani, na jioni tukakaa barazani tukila muhogo sahani moja.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa jikoni. Kwetu kusini, mbuzi wa sikukuu akichinjwa, damu yake tunaikinga kwenye bakuli na kuipika pamoja na matumbo. Siku moja nilifanya kosa la kumsimulia. Tangu hapo nikawa mla damu. Mgeni akija, ananijulisha kwake: huyu ni mpangaji wangu, mtu mzuri, ila kwao wanakula damu. Na sahani zangu nilitakiwa kuziosha kwenye beseni langu mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, watu wa pwani humtafutia mtu wa kumkanda. Maji yanachemshwa mpaka yanatokota, kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa, kinabandikwa tumboni, kiunoni na mapajani, na juu yake mkono unakandamiza ili damu chafu ya uzazi itoke yote. Kisha mzazi anafungwa mkaja, ule mshipi mrefu wa kitambaa unaobana tumbo, anapewa uji wa pilipili manga, analala. Hivyo asubuhi na jioni mpaka arobaini itimie, na muda wote huo hatoki nje.

Wako wakandaji wanaochezea maji. Bi Mauza alitumbukiza mkono kwenye maji ambayo mimi nisingeyasogelea. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vya moto wakati wote; akikushika mkono ungedhani ametoka kuepua sufuria. Kariakoo ilimjua. Aliitwa na wake za wenye maduka wa asili ya Uarabuni, wake za makuli wa bandarini, hata wanawake wa Kikristo waliotoka kusini kama mimi. Alinikanda nilipomzaa Kasmir. Nililia, nikamtukana, naye akacheka na kuongeza maji. Lakini mgongo wangu ulinyooka, na hilo sitamnyima.

Kitu alichokiogopa duniani kuliko simba ni bonge la damu. Dada yake mkubwa, Sofia, alijifungulia Kilwa wakati Bi Mauza ni msichana tu wa kutumwa dukani. Mkunga alisema mambo yamekwisha, kumbe ndani kilibaki kipande cha kondo, damu ikaganda juu yake, ikaoza. Sofia akashikwa na homa, chumba kikanuka, na Mauza ndiye aliyekaa akimpepea mpaka alipokata roho. Toka siku hiyo akawa na imani moja: damu inayotoka inaokoa, damu inayoganda inaua. Kila asubuhi alikunjua vitambaa vya mzazi na kuvitazama kwenye mwanga. Akiona bonge, alinuna na kuongeza kuni. Na alipokuwa akikanda alikuwa na maneno yake ya kunong'ona, sijui aliyatoa wapi: toka, usigande, toka, usigande.

Sikuwahi kumcheka kwa hilo. Aliyaona kwa macho yake. Ila alichokiona kilikuwa ugonjwa wa mtu mmoja, naye akakifanya ugonjwa wa wanawake wote.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Suud, kuli wa bandarini, kijana mpole mwenye mabega mapana. Suud alimuoa Nunu, binti wa mzee Saif, mwenye duka Mtaa wa Msimbazi. Ukoo ule wa Kiarabu haukufurahia binti yao kuolewa na mbeba magunia, lakini miaka ile duka la mzee Saif lenyewe lilikuwa rafu tupu na viberiti, bidhaa zote zimeadimika, na Nunu alishasema huyu au hakuna. Mama yake Nunu alikuwa ameshafariki zamani. Kwa hiyo alipoingia nyumba ile aliingia mtu asiye na mama, akakutana na mtu asiye na binti. Nawajua wakwe wengi wanaokula wake za wana wao wazima wazima. Hawa walisukana nywele mlangoni na kunong'onezana mpaka mimi nikaona wivu.

Nunu alikuwa na jambo moja ambalo wote tuliliona na hakuna aliyelitilia maanani. Akipiga mswaki, anatema nyekundu. Akibeba ndoo ya maji ikamgonga paja, paja linavia damu na kubaki bluu kwa muda mrefu. Siku zake za mwezi zilikuwa mtihani. Alikuwa akishinda amelala chumbani. Tukiwa kwenye foleni ya sabuni, alinisimulia alivyong'olewa jino akiwa msichana: alilala na kitambaa mdomoni, akaamka kitambaa kinachuruzika, siku ya pili vilevile, mpaka wakamrudisha kwa daktari. Aliyasema haya akicheka.

"Damu yangu nyepesi, Mama Kasmir," aliniambia. "Hata mama alikuwa hivihivi."

Nikamuuliza mama yake alikufa na nini. Akasema uzazi. Si siku ile ya kujifungua. Alijifungua salama, akarudi nyumbani, mtoto ameshazoea ziwa, ndipo mambo yakabadilika. Kwao walisema ni husda.

Nilimpelekea Bi Mauza habari hiyo nikidhani itamtia wasiwasi. Ilimtia, lakini si kama nilivyotaka. Akasema mama yake Nunu alikufa kama Sofia, damu ilimganda tumboni kwa kukosa mtu wa kumkanda. Nilipomkumbusha habari ya jino na damu nyepesi, akasema damu nyepesi ndiyo neema yenyewe, haiwezi kuganda. Basi akaapa mbele yangu kwamba Nunu hatakufa kifo hicho mikononi mwake. Alikusudia kila neno.

Nunu alijifungua hospitali mwaka uliofuata baada ya vita vya Kagera. Mtoto wa kike, akaitwa Sabaha. Kila kitu kilikwenda sawa, hakuna damu ya kutisha, wauguzi wakamruhusu mapema kwa sababu vitanda vilikuwa vichache. Bi Mauza alimpokea mlangoni kwa ubani, na kesho yake alfajiri niliamshwa na harufu ya kuni.

Siku za mwanzo damu ilikuwa kidogo tu. Mkunga yeyote angeshukuru. Bi Mauza alikosa usingizi. Alivikunjua vile vitambaa, akavigeuza, akavipeleka uani kwenye jua, akarudi amenuna. Akasema inabaki ndani. Akaongeza moto, akaongeza kukandamiza. Nunu hakuwa mtu wa kupiga kelele kama mimi. Aliuma khanga na kutoa machozi, kisha akasema ahsante, mama. Nikipita mlangoni nasikia yale maneno ya kunong'ona, na kusema kweli yalianza kunikera. Nilimwambia Bi Mauza ampumzishe mtoto wa watu. Akanijibu kwamba nikitaka kupumzika mimi, chumba changu kipo.

Zilipita kama siku tisa. Jumamosi asubuhi, natoka bafuni, nikamkuta Bi Mauza koridoni amesimama na kitambaa mkononi, uso umemfunguka. Damu imetoka. Alinionyesha kama mtu anavyoonyesha khanga mpya iliyopatikana dukani bila foleni. Nyekundu, mbichi, nyingi, na hakuna bonge hata moja. Akasema sasa ndiyo, sasa mwanangu amefunguka. Jioni ile alipika pilau ya mchele wa magendo na kunigawia sahani iliyojaa. Suud alikuja kutoka kazini, akaambiwa mkewe anaendelea vizuri, akala, akalala barazani kwa sababu ya joto.

Mimi ile pilau nilikula, lakini nilimuuliza Bi Mauza kama imekoma. Akasema si ya kukoma leo, ilikuwa imezuiwa siku zote hizo. Nikauliza kama hadhani imezidi. Hapo akaniita Celina.

Jumapili nilikwenda kanisani, na sikumbuki hata neno moja la mahubiri. Niliporudi ilikuwa mchana wa jua kali. Suud alikuwa ameingia zamu bandarini, meli ya ngano imefika. Niliweka kitabu changu cha nyimbo kitandani, nikaenda moja kwa moja chumbani kwa Nunu bila kubisha hodi.

Alikuwa amelala chali na rangi imemtoka usoni, midomo imefanana na mashavu. Mtoto alikuwa pembeni yake analia na yeye hamsikii. Bi Mauza alikuwa anakamua kitambaa, maji yanafuka moshi. Chini ya kitanda kulikuwa na beseni. Nililivuta nikatazama, kisha nikamuuliza damu ile ni ya saa ngapi. Akasema ya asubuhi, nilipokuwa nimeondoka.

Nikaliinamisha beseni. Damu ikatembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine kama imemwagwa sasa hivi.

Kwetu damu ya mbuzi usipoikoroga upesi, inakaza kwenye bakuli kabla hujapata chumvi. Unaweza kuikata kwa kisu. Nimeiona hivyo tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo la kumshukuru Mungu.

"Bi Mauza," nikamwambia, "damu ya kiumbe mzima inaganda. Hii imekaa tangu asubuhi na haijaganda. Huyu hana cha kumziba."

"Usiniletee mbuzi wako kwenye chumba cha mwanangu, Celina."

"Nitamleta. Mtazame."

Hakutaka kumtazama. Alichovya kitambaa tena, akaanza kusema hana bonge, hana bonge, mtu asiye na bonge anapona. Ndipo Nunu akafumbua macho na kugeuza uso upande wa dirisha.

"Mama," akasema, "fungueni dirisha. Kumekuwa giza."

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limemwagika mpaka miguuni pake. Bi Mauza aliachia kitambaa kikaanguka ndani ya maji, yakamrukia mkononi, na hakuyasikia. Alimvuta Nunu ngozi ya chini ya jicho. Ndani kulikuwa kweupe. Nilidhani ataanza kuniambia habari za arobaini, kwamba mzazi hatoki. Aliniambia tu nimchukue mtoto.

Sasa tumpeleke na nini? Serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya watu binafsi Jumapili tangu mchana, kuokoa mafuta ya petroli. Jirani yetu mmoja alikuwa na Peugeot imeegeshwa chini ya mwarobaini, nikamwendea na mtoto begani. Alisema akikamatwa bila kibali gari litakwenda polisi. Nilimpa vidonge vyake, na nisingeona haya kumpa tena. Aliyetuokoa ni Rajabu, msukuma mkokoteni wa pale sokoni, ambaye siku ile alikuwa amelala juu ya mkokoteni wake mwenyewe. Tukatandika godoro, tukamlaza Nunu, tukamfunika kwa khanga, na Rajabu akainama akaanza kusukuma.

Bi Mauza alitembea kando akiwa ameshika kifundo cha mguu wa Nunu. Hakuvaa viatu. Mji ulikuwa kimya bila magari, magurudumu yanalia, na watu waliokaa vibarazani walisimama wakitusindikiza kwa macho. Damu ilipita kwenye godoro, ikapita kati ya mbao, ikadondoka barabarani nyuma yetu. Nilikuwa natembea nyuma na Sabaha, kwa hiyo niliona. Nilikuwa naruka kila tone na kuomba hilo liwe la mwisho.

Hospitali walimpokea haraka, siwezi kulalamika. Daktari kijana alimpima, akamdunga sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, akaagiza damu, akakimbilia kwa mwingine. Muuguzi aliyebaki naye aliitwa Mektilda, mtu wa makamo, na kwa matamshi yake nilijua ni wa kwetu kusini. Alivuta damu kidogo mkononi mwa Nunu, akaitia kwenye kichupa chembamba cha kioo. Alitaka kukishika mwenyewe, lakini wodi ilikuwa inamwita kila upande. Akatutazama, akaigusa mikono yetu, akachagua ya Bi Mauza.

Akamweleza akifumbate kichupa kiganjani bila kukitikisa, kwa sababu kinataka joto la mwili. Damu ya mtu mzima wa afya ingeganda upesi, upesi kiasi kwamba angemaliza dua ndefu kidogo na kuikuta imeshika. Isipoganda, basi wajue tatizo liko ndani ya damu yenyewe.

Bi Mauza alikaa kwenye benchi, kichupa kimepotea ndani ya ngumi yake. Nilikaa karibu, mtoto ananyonya kidole changu. Mwanzoni sikusikia anasema nini. Midomo ilikuwa inacheza tu. Nilipoinama nikasikia.

"Ganda, mwanangu. Ganda. Ganda, mama yangu."

Nimesikia watu wakiomba misikitini na makanisani, na sijasikia ombi kama lile. Nililia palepale, sikujificha.

Mektilda aliporudi alikichukua, akakiinamisha taratibu. Damu ikakimbia mpaka mdomoni mwa kichupa. Akasubiri, akakirudisha kwenye kiganja cha Bi Mauza, akaenda, akarudi, akakiinamisha tena. Safari hii kulikuwa na kitu kidogo chini, laini kama ute wa bamia, na alipokigonga kwa ukucha kikakatika. Alikwenda kumwambia daktari waache kutafuta damu ya kwenye friji, watafute watu, wanataka damu mbichi ambayo bado ina nguvu ya kuganda.

Alikuwa mkweli yule mama, na nilimshukuru kwa hilo kuliko wale waliokuja baadaye na habari za majini. Bi Mauza alimuuliza ni nini, naye akamjibu kwa Kiswahili cha kueleweka. Alisema kila mtu ndani yake anachanika kila siku bila kujua. Mshipa ukikatika, kwanza unajibana wenyewe. Halafu chembe ndogo sana zinazoelea ndani ya damu zinakimbilia pale zinashikana, na juu yake damu inasokota nyuzi, nyembamba hazionekani kwa macho, zinafunga kila kitu kama kiraka. Kiraka kile ndicho bonge. Mwanamke akijifungua, pale kondo lilipobanduka panabaki midomo mingi ya mishipa, mfuko wa uzazi unajikaza kuibana, na viraka vinakaa mpaka nyama ipone chini yake. Wako watu wachache wanaozaliwa na upungufu kwenye damu, zile chembe hazishikani vizuri. Wanapata kwa wazazi wao. Mimba huwaongezea kile kilichopungua, kwa hiyo siku ya kujifungua wanaonekana wazima kabisa, halafu siku zinapopita kinashuka tena, na hapo ndipo wanapoanza kumwagika.

Bi Mauza alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mektilda alipomaliza, yeye alimuuliza swali moja tu.

"Ni maji yangu?"

"Angetoka damu hata kama hukumkanda," Mektilda akasema. "Maji ya moto hayakumsaidia, mama, lakini si yaliyoanzisha."

"Ilianza jana asubuhi," Bi Mauza akasema. "Jana nilipika pilau."

Mektilda alimgusa bega, akaitwa.

Rajabu alikuwa bado yuko nje na mkokoteni wake. Alipoambiwa wanatafuta watu wa kutoa damu, alikuna kichwa. Miaka ile wengi wetu tuliamini ukitolewa damu huishi muda mrefu. Akakunja shati. Damu yake ikalingana na ya Nunu, yangu ikakataa, na Bi Mauza akaambiwa umri umepita, jambo aliloligombania mpaka wakamtoa chumbani. Kisha Rajabu huyohuyo, na pamba mkononi, akaenda bandarini kwa miguu kumwita Suud. Suud alifika amejaa vumbi la ngano hadi kwenye nyusi. Ya kwake pia ililingana.

Chupa ya kwanza ilipoingia, Nunu alirudi. Sitii chumvi, alirudi kabisa. Alimwomba mtoto, tukamwekea kifuani, akamnusa utosini. Alimwambia Suud akaoge. Kwa Bi Mauza akanyoosha mkono, na Bi Mauza akaushika kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayeogopa kuuvunja. Nunu akamuuliza mbona hamshiki. Akasema anamshika, huyu hapa anamshika. Vitambaa vilianza kupungua uwekundu, Mektilda akatabasamu kwa mara ya kwanza, na mimi nikarudi nyumbani kumtazama Kasmir nikiwa nimeshamwahidi Mungu mengi.

Jumatatu nilipofika na uji, nilimkuta Suud ameketi chini kwenye ukumbi, mgongo ukutani. Ilikuwa imeanza tena alfajiri, nyingi kuliko mwanzo, na chupa mbili haziwezi kujaza mtu aliyekuwa akimwagika siku mbili. Hata pale walipomdunga sindano mkononi palikuwa panavuja na hapakukoma. Alifariki kabla ya saa nne.

Walimleta nyumbani azikwe na jua la alasiri. Mtaa ukajaa. Mzee Saif alikuja na jamaa zake, akasimama mlangoni, akasema neno moja, kwamba mama yake Nunu naye ilikuwa hivihivi, akaenda kukaa na wanaume. Wanawake walimfariji Bi Mauza kwamba aliyekufa na uzazi ni shahidi. Mmoja akanong'ona habari za jini, mwingine akasema ni jicho la watu wa Msimbazi. Nilitaka kuwafukuza wote. Bi Mauza alisimama tu akasema atakuwa miongoni mwa waoshaji, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mimi si Mwislamu, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa uani. Waoshaji waliniagiza maji ya vuguvugu yenye majani ya mkunazi, kama wanavyofanya. Niliyainjika kwenye sufuria ileile kubwa, kwa sababu nyumba ile haikuwa na nyingine, nikayachanganya, nikayajaribu kwa kiwiko. Yalikuwa ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nikayabeba kwa ndoo mpaka kwenye pazia la chumba, nikabisha.

Bi Mauza ndiye aliyetoka kuyapokea, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko. Alitia kiganja ndani ya ndoo. Kile kiganja kilichozoea maji ya kutokota kilirudi nyuma kama kimeungua.

"Niletee ya baridi, Mama Kasmir," akasema. "Moto nimeshampa wa kutosha."

Nikayamwaga yale uani, nikateka mengine kwenye pipa.